Krapf na funzo la Majilio

Kila mwaka, Novemba inapokaribia kuisha au Desemba inapoanza tu, makanisa mengi huingia katika mwaka wake mpya. Mwaka huo huanza kimya, bila fataki wala vigelegele. Kitambaa cha zambarau hutandikwa madhabahuni, mshumaa mmoja huwashwa, na waumini huambiwa kwamba wameingia katika Majilio. Neno lenyewe limetokana na kitenzi kuja. Kwa muda wa majuma yasiyozidi manne, Mkristo hutakiwa kukumbuka jinsi Kristo alivyokuja Bethlehemu, na wakati huo huo kungoja atakapokuja tena. Kwa maneno mengine, Majilio ni shule ya kungoja.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, shule hiyo siku hizi haina wanafunzi wengi. Muhula umekwisha, watahiniwa wamefunga madaftari yao, nauli za mabasi zimepanda, na kila mmoja wetu anawaza safari ya mashambani. Maduka ya mijini huanza kupiga nyimbo za Noeli hata kabla ya mshumaa wa kwanza kuwashwa. Tumejizoeza kuruka kutoka karatasi ya mwisho ya mtihani hadi kwenye sinia la pilau, pasi na kupita katika kungoja kokote.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mhubiri. Ninaandika haya kwa sababu mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alikuja ofisini kuniaga. Alikuwa amekaa miaka miwili akikusanya msamiati wa lugha ya wazee wa kwao, lugha ambayo wasemaji wake wanapungua kila mwaka. Bibi aliyekuwa akimfundisha amefariki. Fedha zimemwishia. Aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: ni faida gani kumwaga jasho katika kazi ambayo pengine hakuna atakayeisoma? Nilimwomba anipe muda. Usiku ule nilifungua maandishi niliyo nayo juu ya mtu ambaye humtaja kila mwaka katika mhadhara wangu wa kwanza, Johann Ludwig Krapf, nikayasoma nikiwa na kalenda ya kanisa pembeni. Niliyoyaona ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa mvulana mdogo alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi kadhaa. Katika kitanda hicho cha ugonjwa alijizoeza kusoma Biblia. Baadaye, shuleni, alivutwa na ramani ya Afrika iliyokuwa na sehemu kubwa tupu, zisizoandikwa jina lolote, akasoma habari za safari za James Bruce kule Uhabeshi. Akasomea umisionari katika mji wa Basel, Uswisi, na mwaka 1837 chama cha misheni cha Kianglikana cha CMS kikamtuma Ethiopia.

Huko hakupokelewa kwa shangwe. Mwaka 1838 yeye na wenzake walifukuzwa Adwa. Akaenda Shoa, akakaa karibu na Mfalme Sahle Selassie kuanzia mwaka 1839 hadi 1842, akajifunza lugha ya Waoromo na kuanza kuwatafsiria sehemu za Injili. Alipotoka kwenda kumpokea mchumba wake Rosina Dietrich, ambaye alimwoa Misri mwaka 1842, njia ya kurudi ikafungwa. Katika jitihada za kurejea, Rosina alijifungua mtoto wa kike jangwani kabla ya wakati wake. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jina hilo haraka. Huyu alikuwa mtu aliyeomboleza kwa lugha ya watu waliomfungia mlango.

Ndipo alipokata shauri kuwafikia Waoromo kwa upande wa kusini, kwa kupitia pwani yetu. Tarehe 7 Januari 1844 alifika Unguja. Ukiitazama kalenda utaona kwamba siku hiyo ilikuwa Jumapili, siku moja tu baada ya Epifania, sikukuu ya kuwakumbuka mamajusi waliosafiri kutoka mbali wakifuata nyota. Sultani Seyyid Said alimpokea kwa heshima akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi Mei mwaka huo huo, yeye na Rosina wakahamia Mombasa.

Pentekoste ya mwaka 1844 iliangukia tarehe 26 Mei. Hiyo ndiyo sikukuu ya ndimi, siku ambayo, kwa mujibu wa Kitabu cha Matendo ya Mitume, wageni kutoka nchi nyingi walisikia habari njema kila mmoja kwa lugha ya kwao. Siku kumi na tatu baadaye, tarehe 8 Juni, Krapf aliketi Mombasa na kuanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Msaidizi wake hakuwa Mkristo. Alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Mohiddin, mjuzi wa Kiarabu na Kiswahili. Ninapenda wanafunzi wangu walijue jambo hili. Tafsiri hiyo ya mwanzo ya Biblia kwa lugha yetu ilipitia kinywani mwa hakimu wa Kiislamu aliyekubali kumfundisha mgeni wa dini nyingine. Sura tatu za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Furaha ya kuanza haikudumu. Baada ya Pentekoste na Jumapili ya Utatu, kalenda ya kanisa huingia katika kipindi kirefu kisicho na sikukuu kubwa. Kitambaa cha madhabahuni huwa kijani, na Jumapili hufuatana zikifanana. Ni katika kipindi hicho cha siku za kawaida ambapo homa iliingia nyumbani mwa Krapf. Rosina, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu zilizotangulia, alifariki tarehe 13 Julai 1844. Mumewe mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Muda mfupi baadaye mtoto naye akamfuata mama yake. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na kaburi lile lipo hadi leo. Miezi miwili ilikuwa haijatimia tangu Pentekoste.

Mtu mwingine angepanda jahazi la kwanza la kurudi kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Krapf aliwaandikia wakuu wa chama chake London akawaeleza kwamba kaburi hilo la upweke walichukulie kuwa dalili ya kuanza kwa kazi. Aliporudishiwa nguvu akarejea kwenye maneno. Aliendelea kutafsiri hadi akaimaliza rasimu ya Agano Jipya, akaandika sarufi fupi iliyochapishwa Tübingen mwaka 1850, na akawa anakusanya msamiati wa Kimvita neno kwa neno. Aidha, aliwakusanyia wasomi wa Ulaya miswada ya tenzi zetu kwa hati ya Kiarabu. Mmojawapo, ule wa Utenzi wa Tambuka, aliufikisha Ujerumani, ambako ulihifadhiwa.

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi Agosti wakafungua kituo Rabai. Miaka mitatu baadaye Krapf alifunga safari ya kwenda Ukambani. Huko Kitui alikaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, aliyemweleza habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni. Mawingu yalikuwa yameuficha. Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka 1849 ilikuwa tarehe 2 Desemba. Siku iliyofuata, Jumatatu tarehe 3, mawingu yalifunguka, na Krapf akaviona vilele viwili vyeupe mfano wa pembe. Kwa jina alilolipata kwa Wakamba, alilolitia katika maandishi yake kwa sikio la Kijerumani, dunia ikaanza kuuita mlima huo Kenya, na nchi yetu ikaja kurithi jina la mlima.

Mtu angedhani kwamba ushuhuda kama huo ungepokelewa kwa pongezi. La hasha. Rebmann alikuwa amekwisha kuiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wote wawili walitiliwa shaka. Mpinzani wao mkuu alikuwa W. D. Cooley, mwanajiografia aliyekuwa akiichora Afrika kutoka mezani pake London. Kwake yeye theluji karibu na ikweta ilikuwa ndoto ya wamisionari. Wenyeji, ambao walikuwa wakiutazama mlima huo tangu enzi za mababu, hakuna aliyewauliza. Krapf hakuwa na cha kuonyesha ila neno lake. Ilimbidi angoje. Ushuhuda wake ulikuja kuthibitishwa na msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson mwaka 1883, na wakati huo Krapf hakuwapo tena duniani.

Safari yake ya pili Ukambani, mwaka 1851, ilikuwa chungu zaidi. Karibu na mto Tana msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki akitangatanga nyikani peke yake, akinywa maji aliyoyachota na kuyabeba ndani ya mtutu wa bunduki. Alinusurika. Lakini afya yake ilikuwa imekwisha kuvunjika, na mwaka 1853 akarudi Ulaya.

Hebu tufanye hesabu aliyoitaka mwanafunzi wangu. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Alipoondoka palikuwa na kituo kimoja, Rabai, mwendo wa saa chache tu kutoka baharini. Waoromo, ambao kwa ajili yao alikuja huku, hakuwafikia kama alivyokusudia. Waliobatizwa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wa kwanza wao, Mringe, alikuwa kiwete aliyebatizwa akiwa mahututi, akafariki. Agano Jipya alilolitafsiri lilibaki mswada. Mke na watoto wawili aliwazika. Kwa vipimo vya ofisi zetu za leo, mradi huo ungefungwa na ripoti yake ingetiwa wino mwekundu.

Sitaki kumfanya Krapf malaika. Alikuja na dharau za zama zake. Aliyaita mambo mengi ya Wamijikenda giza tupu bila kuwa na subira ya kuyaelewa, na jina la Wanyika alilowaandikia ni jina ambalo wenyewe wamelikataa. Uislamu aliuona kama adui, ilhali ni Mwislamu aliyemshika mkono katika lugha. Alipigania Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kupunguza nguvu za Uislamu. Kwa hoja hiyo aliitazama hati ambayo Waswahili walikuwa wameitumia kwa vizazi kana kwamba ni kikwazo. Mimi ninayeandika haya kwa herufi zile zile ni mrithi wa uamuzi wa namna hiyo, na sina raha nao kabisa. Wala Kiswahili hakikumngoja Krapf ili kiwe lugha. Malenga wa Pate, Lamu na Mombasa walikuwa wamekwisha kukifikisha kileleni kabla hajazaliwa.

Pamoja na hayo yote, namna alivyoishi miaka iliyobaki ndiyo iliyonifanya nilifunge jalada lile na kunyamaza. Aliishi Korntal, karibu na Stuttgart, katika jumuiya ya Waprotestanti wacha Mungu waliokuwa wakiutazamia kwa hamu ujio wa pili wa Kristo. Mwaka 1862 alirudi pwani kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Baada ya hapo, kazi yake kubwa kwa ajili yetu ilikuwa mezani. Aliendelea na kamusi. Rebmann, aliyebaki Rabai hadi mwaka 1875, alirudi akiwa kipofu na kufariki Korntal mwaka uliofuata. Krapf aliendelea, mzee, mbali na bahari, akipanga maneno ya Mombasa aliyoyasikia akiwa kijana wa miaka thelathini na ushei.

Jumamosi tarehe 26 Novemba 1881, baada ya kuagana na watu wake usiku, aliingia chumbani kwake. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, roho imekwisha kutoka. Nimeirudia hesabu ya kalenda mara mbili ili nisiwapotoshe wasomaji. Jumapili iliyofuata, tarehe 27 Novemba, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mtu huyu alifariki katika mkesha wa majira ya kungoja, akiwa katika mkao wa mtu anayengoja. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, mwenyewe akiwa kaburini.

Hata kamusi hiyo haikupata ushindi aliouwazia. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita chake kikaachwa nje. Lakini mtafiti yeyote anayetaka kujua Wamvita walisemaje katikati ya karne ya kumi na tisa hana budi kuifungua kamusi ile. Mna maneno mle ambayo kama si yeye na wale waliomfundisha, yangepotea kama moshi. Leo Kiswahili ni lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi kwa Katiba yetu ya mwaka 2010. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku sita baada ya sherehe hizo, tarehe 13, ni siku ya kumbukumbu ya Rosina, ambayo wengi wetu huipita bila kujua.

Ni funzo gani basi tunalopata? Kwanza, kungoja kwa Mkristo si kukaa na mikono mapajani. Mkulima aliyepanda hungoja mvua, lakini huku anang'oa magugu. Krapf alingoja akiwa na kalamu mkononi. Imani yake haikumpa hakika ya kuuona mwisho wa kazi, ila ilimpa sababu ya kuamka kesho yake asubuhi na kuandika neno lingine. Subira huvuta heri, walinena wahenga, ingawa hawakusema heri hiyo itavutwa hadi mlangoni mwa nani. Mara nyingi huvutwa hadi mlangoni mwa wajukuu wa watu wengine.

Pili, na hapa ndipo kalamu inaponichoma mimi mwenyewe, kuna kungoja kunakojenga na kuna kungojeshwa kunakoua. Nilipokuwa nikijiandaa kumpa mwanafunzi wangu hotuba nzuri juu ya subira ya Krapf, nilivuta saraka ya meza yangu nikaikuta rasimu ya sura zake tatu za kwanza. Alinikabidhi mwezi Juni. Sikuwa nimeisoma. Kulikuwa na mikutano, kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, kulikuwa na kila sababu ambayo mhadhiri huwa nayo. Miezi mitano nilimngojesha, kisha nikashangaa kwamba imani imemwishia. Ni dhuluma kuhubiri subira kwa mtu unayemkalia. Sheikh Ali bin Mohiddin hakumwambia mgeni wake arudi mwakani. Aliketi naye chini, wakaanza.

Ninawasihi walimu wenzangu waitumie likizo hii kutazama ndani ya saraka zao. Huenda mna kazi ya mtoto wa mtu inayongoja neno moja tu kutoka kwetu. Na ninyi wanafunzi, hasa mnaosubiri matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, msiyafanye majuma haya kuwa shimo la hofu. Mtihani umekwisha, nalo jibu haliko mikononi mwenu. Chukueni daftari, mwendeni kwa nyanya na babu huko mashambani, mwandike majina ya miti, ya magonjwa, ya vyombo na ya mvua ambayo ninyi hamyajui. Krapf aliyapata yake kwa kuuliza. Wenu wangali hai, nanyi hamhitaji kuvuka bahari.

Kwa upande wangu, Jumapili ya kwanza ya Majilio nilirudi kutoka kanisani, nikaichukua rasimu ile nikaanza kuisoma. Ni kazi nzuri. Ina makosa ya kurekebishwa, lakini mna maneno ambayo sijayaona katika kitabu chochote, na pembeni mwa mengi yao pameandikwa kwa mkono jina la bibi yule aliyeyatamka. Nimempigia simu mwenyewe mara mbili bila kumpata, nikamwandikia barua ya kumwomba radhi. Sijui kama Januari atarejea. Sasa ni zamu yangu kungoja, na huku nangoja nimefika ukurasa wa arobaini.